Manyata ya Karamoja: ng'ombe wako mbali, wageni wako mlangoni

Magari mengi ya watalii hupanda Karamoja, kaskazini-mashariki mwa Uganda, kati ya Desemba na Machi. Njia zimekauka, na wanyama wa Hifadhi ya Kidepo wamekusanyika penye maji. Miezi hiyo hiyo ndiyo ambayo ng'ombe hawapo kijijini. Karamoja ina msimu mmoja wa mvua, takriban Aprili hadi Septemba. Nyasi zikiisha, vijana huswaga mifugo hadi kambi za mbali, na manyatani, yaani katika vijiji vyao vyenye uzio wa miiba, hubaki wanawake, watoto, wazee na mbuzi wachache. Mgeni aliyeahidiwa kuona wafugaji anakuta zizi tupu, na mambo huanza kuharibika hapo. Mwongozaji anayeogopa malalamiko anaomba ngoma ya edonga ichezwe saa saba mchana juani, wasichana wavae shanga za sherehe, mzee alete upinde aonyeshe jinsi ng'ombe anavyotolewa damu.

Wanaopinga ziara hizi wana sababu nzito kuliko ile ya kwamba watalii wanapiga picha ovyo. Wakati wa ukoloni Karamoja ilikuwa wilaya iliyofungwa, mtu wa nje akiingia kwa kibali. Miaka ya 1970 askari wa Idi Amin waliwalazimisha watu kuvaa nguo za kizungu kwa mabavu, na watu waliumia. Hadi leo, mahali pengi Uganda, neno "Mkaramojong" hutumika kama tusi la mtu asiyestaarabika. Kwa hiyo mwongozaji anapomwambia mama avue fulana yake ili picha "iwe ya asili", anaendeleza jambo lile lile lililowatesa wazazi wa mama huyo: mtu wa nje kuamua Mkaramojong avae nini. Watu wa leo huvaa shuka, fulana na kandambili za matairi pamoja na shanga zao, na huo ndio uasili wao.

Upande wa pili nao hauna maneno matupu. Wizi wa mifugo na kiangazi vimeziacha kaya nyingi bila ng'ombe wa kutosha. Mwaka 2022 njaa iliua watu katika wilaya kadhaa za mkoa huu. Mwanamke asiye na maziwa wala mtama ana njia chache za kupata shilingi: kuchoma mkaa, kuponda kokoto, kuchekecha dhahabu, au kutuma mtoto mjini. Hiyo ya mwisho inajulikana vizuri Kampala, ambako watoto wengi wanaoombaomba barabarani wametoka Napak, wilaya mojawapo ya Karamoja. Bangili iliyouzwa mlangoni kwa mama mwenyewe ni gunia la mkaa ambalo halikubebwa. Anayetaka ziara zipigwe marufuku anapaswa kusema huyu mama atapata wapi fedha hiyo.

Mimi naona ziara zinaweza kutetewa, lakini utetezi wake unasimama au kuanguka kwenye jambo moja ambalo matangazo ya safari hayaligusi: fedha inapita mikono ya nani, na nani amepanga saa ya wageni kufika.

Manyata haina mwenye nyumba mmoja. Ndani ya uzio mkubwa wa miiba kuna nyua nyingi, na kila ua, unaoitwa ekal, ni wa mke na watoto wake. Yeye ndiye aliyejenga. Alisimamisha fito, akakandika udongo uliochanganywa na samadi, akaezeka nyasi na kuweka ghala la mtama. Mume mwenye wake watatu ana nyua tatu, na yeye mwenyewe hulala zizini au kambini. Kwa hiyo kumpa kiingilio chote mwanamume aliyesimama getini, au mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji), ni kumlipa mtu asiyemiliki nyumba unazoingia. Jioni ugomvi unazuka, na kundi linalofuata linapokewa kwa nyuso zilizonuna. Wasomaji wa Kenya wamewahi kuona hali hiyo kwenye maboma ya Wamaasai kandokando ya Maasai Mara, ambako madereva walizoea kubaki na sehemu kubwa ya kiingilio.

Njia inayofanya kazi si ngumu, ila inahitaji kwenda mara mbili. Siku moja kabla, mwongozaji anayejua Ngakarimojong, lugha ya Wakaramojong, anaongea na wazee na wanawake pamoja, hadharani. Wanakubaliana kiasi, idadi ya wageni, nyua zitakazofunguliwa na muda. Siku yenyewe fedha inalipwa mbele ya wote, kwa noti ndogo za shilingi 5,000 na 10,000, kwa sababu noti ya 50,000 haigawanyiki kijijini na huishia kwa aliye na chenji. Wanawake waliofungua nyua hupewa chao mkononi. Sehemu ya pamoja huingia kwenye sanduku la chama cha kuweka na kukopa, pale kinapokuwepo. Sanduku hilo lina kufuli tatu na funguo zake hukaa kwa watu watatu. Fedha hiyo ndiyo inayotengeneza pampu ya kisima inapokufa.

Saa nzuri ya kufika ni asubuhi, baada ya mbuzi kutoka, au alasiri kuanzia saa kumi. Saa sita mchana wanawake wako mashambani, kisimani au porini kutafuta kuni, na kuwafanya wabaki nyumbani wakingoja wageni ni kuwapotezea siku ya kazi. Wageni sita wanatosha. Mlango wa uzio ni mfupi makusudi, ili adui asiingie akikimbia, na mtu mzima hupita ameinama au akitambaa. Mkoba wa mgongoni hunasa kwenye miiba na kubomoa uzio ambao mtu atautengeneza kesho, basi uachwe garini. Salamu ni "Ejoka?", na jibu "Ejok nooi". Shukrani ni "Alakara". Kwa mzee, ugoro au tumbaku ni zawadi ya heshima, na kwa mama chumvi na sabuni vinafaa. Watoto wasipewe pipi wala sarafu. Mtoto aliyezoea kulipwa kwa kukimbilia gari ni rahisi kushawishika kwenda Kampala, na jiji hilo tangu 2019 lina sheria ndogo inayokataza kuwapa fedha watoto wa mitaani.

Usimuulize mtu ana ng'ombe wangapi. Ni kama kumuuliza salio lake la benki, na mahali penye wizi wa mifugo swali hilo linatia shaka kwamba umetumwa. Muulize dume lake analolipenda lina rangi gani na pembe zimekaaje, utapata mazungumzo ya saa nzima, pengine na wimbo, maana mwanamume huitwa kwa jina la dume lake.

Suala la damu linahitaji ukali zaidi. Kwa desturi ng'ombe hufungwa kamba shingoni mpaka mshipa uvimbe, mshale wenye ncha fupi unautoboa, damu inakingwa kwenye kibuyu na kuchanganywa na maziwa, kisha kamba inalegezwa na jeraha linazibwa. Mnyama huachwa miezi kadhaa kabla ya kutobolewa tena. Ni chakula cha kipindi kigumu, kinachotolewa kwa hesabu. Kumtoboa kwa ajili ya kamera, wakati wa kiangazi mnyama akiwa amekonda, ni kuharibu mali ya mtu kwa malipo madogo kuliko hasara. Ombi hilo lisitolewe kabisa, na mwongozaji akilipendekeza akataliwe. Maziwa yasiyochemshwa nayo huweza kubeba ugonjwa wa brusela, kwa hiyo kukataa kwa adabu kunaruhusiwa.

Usalama pia unaamua kama kuna kijiji cha kutembelea. Mwaka 1979, utawala wa Amin ulipoanguka, ghala la silaha la kambi ya jeshi ya Moroto lilivunjwa, na bunduki zikachukua nafasi ya mikuki. Upokonyaji silaha wa 2001 na ule wa kuanzia 2006 ulileta miaka ya utulivu, lakini uvamizi wa kuiba mifugo ulirudi mwaka 2019. Julai 2021 jeshi lilianzisha operesheni iliyopewa jina la Kiswahili, Usalama kwa Wote. Machi 2022 wanajiolojia waliokuwa kazini Moroto waliuawa. Baadhi ya mifugo sasa hulala kwenye mazizi yanayolindwa karibu na kambi za jeshi, sababu nyingine ya kukuta manyata bila ng'ombe. Picha za askari na kambi hizo hazipigwi. Safari iwe ya mchana, na hali ya barabara iulizwe wilayani asubuhi ya siku hiyo hiyo, kwani taarifa ya wiki iliyopita imeshapitwa.

Anayetaka kuona ng'ombe aje Juni au Julai. Matope yatamchelewesha, Kidepo nyasi zitakuwa ndefu na simba hawataonekana kirahisi. Lakini mifugo mingi itakuwa karibu na nyumbani, maziwa yatakuwepo, na edonga ikichezwa jioni itakuwa imeitishwa na vijana wenyewe.