Laptopu ya milioni mbili na nusu inanunua nini?

Kila mwaka, majina ya waliopata mkopo wa elimu ya juu yakishatoka na vyuo vikikaribia kufunguliwa, simu yangu haitulii. Mara mpwa, mara mtoto wa jirani, mara baba wa mtoto wa jirani. Wote wanauliza jambo moja: "Mjomba, tununue laptopu gani?" Wakishajibiwa, huja swali la pili, kwa sauti ya chini kidogo, kama mtu anayeulizia bei ya kitu asichokusudia kununua: "Hivi zile za Apple zina nini mpaka ziuzwe bei ile?"

Hilo la pili ndilo linalostahili kujadiliwa, maana la kwanza halijibiki bila la pili. MacBook Air ya mwaka 2020, ile iliyokuja na chipu ya M1 ya Apple yenyewe, ilitangazwa Marekani kwa dola 999. Ya mwaka 2025 yenye M4 nayo ikatangazwa kwa bei hiyo hiyo. Ukiihesabu dola kwa shilingi 2,500 unakaribia milioni mbili na nusu, na hapo hujaweka usafiri wala faida ya muuzaji. Ukiingia Kariakoo na sehemu ndogo tu ya fedha hizo, unatoka na laptopu mpya ndani ya boksi lake, na begi la bure umepewa.

Tuanze kwa kuitendea haki hiyo ya bei ya chini. Mwanafunzi wa sheria au wa ualimu anaandika kazi zake, anasoma PDF za mwalimu, usiku anaangalia tamthilia. Hakuna hapo kinachodai mashine ya ajabu. Halafu kuna jambo ambalo wachambuzi wa Ulaya na Marekani hawaliweki sana kwenye mizani: wizi. Laptopu inayolala hosteli, watu sita chumba kimoja, na asubuhi inapanda daladala, iko mashakani kila siku ya Mungu. Kuibiwa kitu cha laki sita kunauma. Kuibiwa cha milioni mbili na nusu ambacho mama alikikopea kwenye kikoba ni msiba wa ukoo. Kwa mtu wa hali hiyo, unafuu wa bei ndiyo bima pekee aliyo nayo, na simcheki anayenunua kwa sababu hiyo.

Shida iko kwenye matumbo ya mashine yenyewe. Chukua zile za ngazi ya chini kabisa, ambazo kwa miaka imekuwa kawaida kuzikuta na prosesa (ubongo wa mashine) ya Celeron N4020, RAM (kumbukumbu ya kazi inayoendelea) ya GB 4 na hifadhi ya GB 64 ya aina ya eMMC, kitu kilicho karibu zaidi na memori kadi ya simu kuliko SSD, ile diski ya kisasa yenye kasi. Sasa soma masharti ya Microsoft kwa kompyuta inayotaka kuwekewa Windows 11: prosesa ya viini (core) viwili, RAM ya GB 4, hifadhi ya GB 64. Umeona mchezo? Mashine imekatwa kwa kipimo cha mwisho kinachoruhusiwa, sawa na sare ya shule iliyoshonwa kumbana mtoto siku ile ile ya kupimwa. Dukani inawaka vizuri. Windows ikijisasisha mara mbili tatu, nafasi imekwisha. Ukifungua kurasa kumi za intaneti pamoja na Word, inaganda. Na mara nyingi RAM yake imelehemewa kwenye bodi, kwa hiyo hata ukipata fedha za kuiongezea, huna pa kuichomeka.

Mpwa wangu alinunua ya namna hiyo. Kampuni haina haja ya kutajwa. Haikumaliza mwaka na nusu, bawaba ya kushoto ikang'oka kwenye plastiki. Fundi akaishika kwa gundi na bolti mbili zinazoonekana kwa nje. Betri ikabaki na dakika arobaini za chaji, ikawa haiondoki kwenye soketi. Yaani alinunua kompyuta mpakato, akaishia kuwa na kompyuta ya mezani yenye kioo kidogo.

Ukiona vyaelea, vimeundwa. Zishike mashine mbili kwa mikono na tofauti huhitaji kusimuliwa. Ile Air ya M1 ina uzito wa kilo 1.29, mwili wa alumini, kioo cha pikseli 2560 kwa 1600 chenye mwanga wa niti 400. Kwenye za bei ya chini bado utakutana na kioo cha 1366 kwa 768 cha aina ya TN, kile ambacho ukiinamisha kichwa kidogo tu rangi zinageuka, na ukikaa barazani mchana unajiona mwenyewe badala ya kuona maandishi. Anayesoma au kuandika saa nane kwa siku hulipia kioo kibovu kwa macho yake.

Kwangu mimi, hata hivyo, kioo si hoja kubwa kama chaji. Apple iliitangazia M1 saa 15 za kuperuzi intaneti. Matangazo ni matangazo, na hutazipata zote, lakini siku nzima ya kazi unaipata. Nani anajua thamani ya hilo kuliko mtu aliyepitia mgao wa umeme wa mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024, kabla mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere haujaanza kuzalisha? Au Mkenya aliyekaa gizani usiku wa tarehe 25 Agosti 2023, nchi karibu nzima? Mfasiri, mhariri wa video, mtu anayefanya kazi za mteja aliye Ulaya, huyo chaji kwake ni mshahara. Kazi isiyofika kwa wakati hailipwi, na mteja hataki kusikia habari za luku wala za transfoma.

Kuna dogo jingine ambalo sijaliona likisemwa. MacBook Air za tangu M1 hazina feni. Wengi huisifia kwa ukimya wake. Mimi naisifia kwa sababu ya vumbi. Feni ya laptopu inavuta hewa, na hewa ya Dodoma au Shinyanga wakati wa kiangazi haiji peke yake. Mafundi wanaozifungua wanajua wanachokikuta humo ndani.

Kufikia hapa ungedhani nimeshachagua upande. Bado.

Rudi kwenye mwaka ule ule wa 2020. Mwezi Machi Apple ilitoa MacBook Air mpya yenye prosesa ya Intel, kwa dola 999. Novemba ikatoa ile ya M1, kwa dola 999. Umbo moja, bei moja, mwaka mmoja. Mwaka 2025 lilipokuja toleo la macOS, mfumo unaoendesha Mac, liitwalo Tahoe, Air ya Machi ilikuwa imeachwa nje na ya Novemba imo. Aliyenunua miezi minane mapema alilipa bei ya kifahari kamili na akapata miaka michache zaidi kabla ya kuachwa. Bei haikumwonya kwa neno lolote. Vivyo hivyo waliolipa fedha nyingi kwa MacBook zenye kibodi ya kipepeo, iliyoanza 2015, walikuta chembe ya vumbi inatosha kufisha herufi. Mwaka 2018 Apple ikaanza kuzitengeneza bure, na mwaka 2022 ikakubali kulipa dola milioni 50 kumaliza kesi iliyofunguliwa na wateja Marekani. Anayesema "ghali haikosei" aanzie hapo.

Zito zaidi kwa mazingira yetu ni matengenezo. Ndani ya hizi Air, RAM na hifadhi vimelehemewa kwenye bodi. Chai ikimwagika na bodi ikafa, hakuna kuchomoa diski ukaokoa tasnifu yako kwenye mashine nyingine. Apple haina duka lake hata moja Afrika. Kuna wauzaji walioidhinishwa na kuna mafundi wa mtaani, wengine hodari kweli, lakini spea ya asili inakula muda na fedha. Na hadi Oktoba 2024 Air ilikuwa bado inaanzia GB 8 za RAM, ukitaka nane nyingine unaongeza dola 200. Hiyo nane ya ziada haikuwa na thamani hiyo popote duniani. Ilikuwa ni kodi ya kutokuwa na njia nyingine.

Wapo pia wanaonunua kwa ajili ya kuonekana. Tusijifanye hawapo, ukienda kwenye migahawa ya Masaki utawaona. Lakini hata hilo silitupi lote. Mpiga picha za harusi anayekutana na bwana harusi akiwa na mashine yenye bolti za fundi kwenye bawaba atashushwa bei kabla hajafungua albamu. Ni upuuzi, ila ni upuuzi wenye risiti.

Kosa la mjadala huu ni kudhani kwamba mpinzani wa laptopu ghali ni laptopu mpya ya bei ya chini. Mpinzani wake wa kweli ni laptopu iliyokuwa ghali jana. Makampuni ya Ulaya na Marekani hubadilisha mashine za wafanyakazi kila baada ya miaka michache, na zile za zamani husafiri mpaka kwetu kama mtumba: ThinkPad, Latitude, EliteBook. Mfano ninaoupenda ni ThinkPad T480 ya mwaka 2018. Ina nafasi mbili za kuchomeka RAM, SSD inayobadilishwa kwa bisibisi, na betri mbili, moja ndani na nyingine unaichomoa kwa nje bila kuizima mashine. Kibodi yake ikifa, fundi yeyote anaibadilisha. Haina urembo, inafanana na faili la ofisi ya mkuu wa wilaya, na mwizi haitazami mara mbili.

Hata huko kwenye mtumba bei haisemi ukweli. Rafuni hapo hapo utaikuta T470, ya mwaka 2017, na kwa asiyezoea ni ndugu pacha. Prosesa zake za Intel ni za kizazi cha sita na cha saba. Windows 11 ya halali kwa Intel kwa kawaida inaanzia kizazi cha nane, na Windows 10 iliacha kuhudumiwa na Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025. Tarakimu moja kwenye jina ndiyo mara nyingi inayoamua. Ongeza betri zilizochoka, stika za i5 (daraja la prosesa za Intel) zilizobandikwa juu ya kitu kingine, na mashine zilizofungwa kwa nywila ya kampuni iliyokuwa ikizimiliki. Usiondoke dukani kabla hujaizima na kuiwasha mwenyewe, ukasoma jina la prosesa ndani ya mipangilio, na ukaifanyia kazi nusu saa bila waya.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, basi tufungue daftari. Tarakimu hizi ni za kukadiria, weka zako. MacBook ya milioni 2.6, uitumie miaka sita, uiuze kwa laki nane: umelipa 300,000 kwa mwaka. Mpya ya laki sita, ife baada ya miaka miwili: 300,000 kwa mwaka. T480 ya laki saba, ongeza laki moja ya betri, miaka mitatu: kama 267,000. Nilipoifanya hesabu hii mara ya kwanza nilidhani nimekosea. Tatu zote zinakaribiana!

Zinapoachana ni pale mambo yanapoharibika. Unafuu wa MacBook unakuja tu ukifika mwaka wa sita nayo ingali mkononi. Ikiibwa mwishoni mwa mwaka wa pili, umelipa milioni 1.3 kwa kila mwaka. Anayelipa bei kubwa analipa leo kwa ajili ya miaka ambayo hajaiona, kwa hiyo anayefaa kuilipa ni yule ambaye maisha yake yana utulivu wa kuifikisha huko: mlango unaofungika, usafiri usio wa kubanana, kazi inayorudisha fedha kila mwezi. Hapo mimi mwenyewe ningemwambia anunue bila kuomba radhi, ila tu achunguze kwanza kama programu zake zinakubali. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi anayehitaji Revit ya michoro ya majengo au ArcGIS Pro ya ramani ataikuta Mac yake inamgomea, kwa sababu hizo ni za Windows. Na asiye na utulivu huo atafute mashine ya ofisi ya kizazi cha nane kwenda juu, RAM GB 16. Ile mpya ya GB 4 iliyo kwenye boksi la kung'aa simshauri mtu, hata kama begi ni la bure.

Mpwa wangu sasa ana T480, yenye kovu la stika ya kampuni fulani ya Uholanzi kwenye kifuniko. Rafiki yangu mfasiri ana Air ya M1 tangu 2021 na hajawahi kuipeleka kwa fundi. Anapanda nayo daladala la Mbagala kila siku, ndani ya kikapu cha ukili, mafungu mawili ya mchicha juu yake.