Cha Juu cha Corolla

Waungwana, nimetoka yadi ya magari sasa hivi, hapa Houston, na naandika kabla presha haijashuka, maana ikishuka nitasamehe.

Ya bima nimenyamaza. Ya mashine kuniomba bakshishi wakati maji nimeyatoa frijini mwenyewe, nimenyamaza. Lakini cha juu cha dola 15,000 kwenye Corolla? Corolla, jamani! Gari la teksi, gari la mwalimu mkuu!

Haya, ni GR Corolla, ile Corolla ya mbio. Injini ya lita 1.6, silinda tatu, nguvu ya farasi 300, gia za mkono, na zinatengenezwa za kuhesabika. Zilipoingia Marekani kama modeli ya 2023, bei ya kiwanda ilianzia dola 35,900, hata sisi wa shifti za usiku tukaanza kuota.

Basi nikavaa shati la kanisani, nikaingia na heshima zangu. Dirishani mwa gari ipo karatasi ya bei ya kiwanda, ile iliyowekwa kisheria tangu 1958. Sheria haikusema usibandike ya pili. Ya pili ipo, imechapwa na printa ya ofisini, wino unakata: "Marekebisho ya soko," ndiyo hizo dola 15,000. Nikamuuliza kijana wa mauzo, kwa utulivu wa kibalozi, soko lipi? Akasema la magari. Kijana, mimi nimekulia Kariakoo! Kule mtu akikupiga bei anakupa kiti kwanza, mnavutana, anaapa kwa mama yake kwamba anakula hasara. Nikataja bei yangu. Akatabasamu, akaenda kumuuliza meneja. Meneja mwenyewe haonekani, anatajwa tu, kama mzimu wa ukoo. Kijana akarudi na karatasi mpya: cha juu kiko palepale, na imeongezeka naitrojeni ya matairi, dola 299.

Yaani hewa. Hii tunayovuta bure, asilimia 78 ni naitrojeni, tulifundishwa tukiwa na kaptula! Nikamwambia itoe. Akasema haitoki, imeshajazwa. Nikamwonyesha valvu. Akaenda tena kwa mzimu.

Ungesema ukanunue kiwandani, lakini hapa Texas sheria haimruhusu mwenye kiwanda akuuzie mwenyewe. Lazima upitie kwa wakala, mwenye kiyoyozi na popkoni. Kiwanda kinasema bei anapanga wakala, wakala anasema ni soko, na soko halipokei simu.

Na wapo wanaolipa! Jamaa wa meza ya pili, kandambili miguuni, kasaini huku anatafuna. Kaka, unatuharibia!

Nikiwa hapo nje nahema, shemeji kanipigia toka Dar. Kasikia nanunua gari, hivyo lile la zamani nimtumie. Shemeji, usukani uko kushoto, utaovateki vipi ukitoka Chalinze? Na ushuru wa bandarini nani analipa? Anacheka tu. Huyu huyu jenereta yangu anayo tangu kipaimara cha binti yake, na nikiuliza anasema mtandao unasumbua.