Asilimia 70 ya kifusi: tunahesabu nini hasa?

Mwaka 2008 Umoja wa Ulaya uliziagiza nchi wanachama zihakikishe kwamba, ifikapo 2020, angalau asilimia 70 ya taka za ujenzi na ubomoaji zisizo na sumu zinatumika tena, zinarejelezwa au zinapewa kazi nyingine badala ya kutupwa. Nchi nyingi zilifika hapo, na kadhaa zilipita kwa mbali. Ukiishia kwenye takwimu hiyo utasema suala limekwisha. Lakini asilimia hizo ni za uzito, na hata kifusi kilichotumika kufukia shimo la machimbo kinaingia kwenye hesabu. Matofali yaliyotolewa mazima yakajenga ukuta mwingine na matofali yaliyopondwa yakafukia shimo yanapata alama sawa. Nadhani hapo ndipo mjadala wa kifusi unapopotea njia: wanaotetea urejelezaji na wanaoubeza wote wanabishania tani.

Watetezi wana mengi ya kusimamia. Kwanza ni wingi wenyewe. Kwa hesabu za EPA, idara ya serikali ya Marekani inayosimamia mazingira, nchi hiyo ilizalisha tani milioni 600 za taka hizi mwaka 2018, zaidi ya mara mbili ya taka za kawaida za mijini, na zaidi ya asilimia 90 zilitokana na kubomoa, si kujenga. Pili ni usalama. Desemba 2015, mjini Shenzhen, China, mlima wa udongo na taka za ujenzi uliorundikwa kwenye machimbo ya zamani, bila njia za maana za kutoa maji, uliporomoka. Majengo 33 yalifukiwa au kuharibiwa, na watu 77 walikufa au hawakuonekana tena. Anayesema kifusi ni mawe tu na hakimdhuru mtu aanze na tukio hilo.

Halafu kuna malighafi. UNEP, Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, linakadiria kwamba dunia inatumia takriban tani bilioni 50 za mchanga na kokoto kila mwaka, na sehemu kubwa ya zege la zamani ni mawe yaleyale. Kwenye mtambo wa kusaga, meno ya chuma yanavunja mabonge, sumaku iliyoning'inizwa juu ya mkanda inanyakua nondo, upepo au maji yanaondoa vipande vyepesi vya mbao na plastiki, kisha chekeche zinagawa kinachobaki kwa ukubwa. Kokoto hizo zinafaa sana kulazwa chini ya lami. Mara nyingine zinashikamana kuliko kokoto mpya, kwa kuwa ndani yake bado kuna chembe za saruji ambazo hazijawahi kukutana na maji. Japani ilipitisha mwaka 2000 sheria inayolazimisha zege, lami na mbao za majengo vitenganishwe na kurejelezwa, na leo karibu zege lote linalobomolewa huko linapata kazi, hasa chini ya barabara.

Wala si jambo la kizazi hiki. Miji ya Ujerumani ilipobaki magofu baada ya Vita Kuu ya Pili, matofali yalipondwa na kuchanganywa kwenye zege jipya, hata mwaka 1951 kukawa na kiwango rasmi cha zege la aina hiyo, DIN 4163. Hata hivyo, mamilioni ya mita za ujazo za kifusi cha Berlin yalirundikwa hadi yakawa kilima, Teufelsberg, ambacho kipo hadi leo. Mji ulikuwa na njaa kubwa ya vifaa vya ujenzi, na bado haukuweza kukimeza kifusi chake chote.

Sasa upande wa pili, ambao mara nyingi unasikilizwa kwa haraka. Kokoto ya kifusi inakuja na saruji ya zamani imeganda ubavuni mwake, na ganda hilo linafyonza maji. Fundi anaona zege linakuwa gumu kabla hajamaliza kulimwaga, anaongeza maji, na kila lita anayoongeza inapunguza nguvu ya ukuta. Dawa ipo: kokoto zilowanishwe kabla, na zisichukue zaidi ya asilimia 20 au 30 ya kokoto zote nene, kiwango ambacho kwa kawaida hakiathiri sana nguvu ya zege. Ila dawa hiyo inahitaji usimamizi, na mhandisi ndiye anayetia sahihi na kubeba lawama jengo likipasuka. Hofu yake si ukaidi. Vumbi laini linalobaki baada ya kusaga ni taabu zaidi, na likiwa na jasi ya dari na kuta ndani yake, salfati zake zinaweza kulivimbisha na kulipasua zege jipya kutoka ndani.

Hoja ya hali ya hewa nayo inavutwa kupita urefu wake. Saruji inakadiriwa kusababisha takriban asilimia 8 ya hewa ya kaboni inayotokana na shughuli za binadamu. Kokoto za kifusi hazichukui nafasi ya saruji. Zinachukua nafasi ya mawe, ambayo kuyachimba na kuyavunja kunatoa kaboni kidogo tu. Lori likizibeba mbali kuliko lilivyo chimbo la karibu, faida hiyo ndogo inaishia kwenye dizeli. Mwaka 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge walionyesha kwamba saruji iliyokwisha kutumika inaweza kuchukua nafasi ya chokaa kwenye tanuru la umeme la kuyeyusha chuma chakavu, na takataka ya tanuru hilo ikatoka ikiwa saruji mpya. Hilo ndilo lingegusa kaboni yenyewe. Anayetetea usagaji wa kawaida kwa jina la hali ya hewa anajipunguzia heshima bure, wakati hoja za mito na fukwe zinazochimbwa mchanga, na za nafasi ya kutupa taka, zinamtosha.

Lakini udhaifu mkubwa wa lengo la uzito unaonekana kwenye vitu vyepesi. Zege na matofali ndiyo yanayobeba mizani, kwa hiyo mkandarasi anaweza kutimiza lengo kwa hayo peke yake na mengine yote akayatupa. Na hayo mengine ndiyo yenye matata. Jasi ikifukiwa dampo pamoja na mabaki yanayooza, mahali penye maji na pasipo hewa, bakteria wanaigeuza kuwa gesi ya salfidi ya hidrojeni, yenye harufu ya mayai viza na sumu kali inapozidi. Mbao za zamani zilizopigwa dawa ya kuzuia mchwa zinaweza kuwa na aseniki, ambayo ni sumu. Asbesto, madini ya nyuzinyuzi yanayoleta saratani yakivutwa kwa pumzi, ndiyo mbaya kuliko zote: karatasi moja ya paa ikipita kwenye mtambo, nyuzi zake zinasambaa kwenye rundo zima, na rundo hilo halifai tena hata kwa njia ya waenda kwa miguu. Wanaopinga urejelezaji hupenda kutaja asbesto kama hoja ya mwisho. Mimi naiona kama hoja ya kulikagua jengo kabla ya kuliangusha, kwa sababu asbesto iliyotupwa dampo bila kutambuliwa nayo haijaenda popote.

Kwa hiyo mengi yanaamuliwa kabla ya mtambo, siku eskaveta inapoingia kiwanjani. Mji wa Portland, jimboni Oregon, uliamua mwaka 2016 kwamba nyumba za makazi zilizojengwa 1916 au kabla zifumuliwe kwa mikono badala ya kubomolewa, na baadaye ukasogeza mpaka hadi nyumba za 1940. Kuchagua nyumba za zamani kuna mantiki. Tofali lililojengewa chokaa linaachia kwa pigo dogo la nyundo, unalipangusa, ni zima. Lililojengewa saruji linavunjika lenyewe kabla ya kiungo. Na nyumba za siku hizi, zenye paneli zilizogandishwa na povu na gundi, hata fundi mvumilivu kiasi gani anatoka na vipande. Kufumua ni kazi ya siku nyingi na watu wengi, na gharama hiyo inamwangukia mwenye nyumba, si mji uliotunga sheria. Kisha apatikane mnunuzi wa mbao na milango isiyo na cheti chochote.

Serikali nyingi zimekimbilia kupandisha ada ya dampo. Inafanya kazi pale penye ulinzi. Pasipo ulinzi, malori yanamwaga usiku bondeni au kando ya barabara, na mji unalipa mara mbili. Uingereza ilianza na kodi ya dampo mwaka 1996, kisha mwaka 2002 ikaongeza tozo kwa kila tani ya mawe, mchanga na kokoto mpya. Hiyo ya pili ndiyo naipa uzito zaidi. Chimbo halihami, lina mizani na vitabu. Lori la usiku halina. Ni kweli tozo hiyo inaongeza bei ya kujenga, na anayejenga chumba kimoja anaisikia kuliko anayejenga ghorofa, kwa hiyo ikianza ianze ndogo.

Ningependa pia lengo livunjwe vipande: asilimia ya vitu vilivyotumika tena vikiwa vizima, asilimia ya zege lililorudi kuwa zege, ya jasi iliyorudi kiwandani, na kufukia mashimo kuwe na safu yake peke yake. Ripoti zitasomeka vibaya kwa miaka kadhaa, na mawaziri hawatazifurahia. Ila serikali hizohizo ndizo wanunuzi wakubwa wa kokoto kupitia barabara zao, na zabuni zao nyingi bado zinadai mawe mapya hata kwa tabaka la chini la barabara, ambako kokoto za kifusi zimeshathibitika. Kifungu hicho kinaweza kufutwa kabla ya mtambo mwingine wowote kununuliwa.