Ramani ya kompyuta kwenye mteremko wa Mulungu
Mwanafunzi wa kilimo wa Bukavu anayetaka kulinganisha aina 6 za maharagwe kwenye mteremko wa Mulungu, karibu na Bukavu, kila aina ikirudiwa katika bloku 4 (bloku ni kundi la vitalu lenye kila aina mara moja), anahitaji ramani ya vitalu 24, yaani vipande vidogo vya shamba, kabla hajapanda. Je, aichore kwa penseli au aiachie kompyuta?

Ubora wa kompyuta hauko katika rangi za ramani. Tangu mwanatakwimu Ronald Fisher, aliyeingia kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted nchini Uingereza mwaka 1919, autetee ugawaji wa nasibu, yaani wa kupiga kura, sharti limekuwa kwamba mkono wa mtafiti usichague. Ndani ya bloku moja, aina 6 zinaweza kupangwa kwa njia 720, na anayepanga kwa macho huziepuka nyingi bila kujijua, kwa sababu hapendi kuona aina ileile ukingoni katika kila bloku. Kifurushi cha agricolae, ambacho ni nyongeza ya programu huria ya takwimu iitwayo R, hupiga kura hiyo bila upendeleo. Namba ya kuanzia, ile inayoiongoza kura ya kompyuta, ikihifadhiwa, yeyote anaweza kuurudia mpangilio uleule na kuukagua. Vikaratasi vilivyochanganywa mfukoni navyo ni vya haki, ila haviachi ushahidi.

Wanaotetea penseli, hata hivyo, wana hoja nzito. Kifurushi cha desplot, nacho cha R, huchora vitalu kwa safu za mlalo na za wima, kwa hiyo ramani hutoka mstatili ulionyooka, ilhali shamba la kilimani hujipinda, hukatwa na mitaro ya kuzuia mmomonyoko, na rutuba yake hubadilika kutoka juu kwenda chini. Kila bloku inapaswa kulala kwenye kimo kimoja, lakini programu haijui mlima uko upande gani, na bloku zilizowekwa vibaya itazichora kwa unadhifu uleule. Hatari kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni kwamba grafu huhesabu safu kuanzia chini, huku wapandaji wakiweza kuanzia juu; ramani ikisomwa kinyume, mavuno ya aina moja yataandikwa kwa jina la nyingine, na ni vigumu sana hesabu za baadaye kulifichua kosa hilo. Desplot ina chaguo la kupindua mchoro, mradi mtu akumbuke kulitumia.

Ndiyo maana naona kura ipigwe na kompyuta, lakini mipaka ya bloku itokane na kulitembelea shamba na kuchora kwa mkono mteremko, mitaro na njia. Ramani ya mwisho ionyeshe upande wa mlimani, kitalu cha kwanza na namba ya kuanzia, na jina la aina liandikwe ndani ya kila kitalu, kwa kuwa nakala isiyo na rangi hufanya vitalu vyote vifanane.