Kabla ya kofia ya ubongo, usikilize msuli kwanza

Mkono ukionekana umekufa kabisa baada ya kiharusi, wengi hukimbilia kofia ya kupima mawimbi ya ubongo. Mimi nasema tuanze na msuli. Mkono usiosogea hata kidogo mara nyingi bado una umeme wa mikrovolti chache, na umeme huo umeshuka kutoka ubongoni kwa njia ileile tunayotaka kuifufua.

Tafuta misuli ya juu ya kigasha, ile inayoinua kiganja. Sugua ngozi kwa spiriti, iache ikauke, kisha bandika elektrodi mbili, yaani vibandiko vya kunasa umeme wa msuli, zikiachana milimita 20 kufuata nyuzi za msuli. Ya tatu ikae kwenye mfupa wa kiwiko. Ngozi yenye mafuta huingiza mvumo wa umeme wa jengo, wa hezi 50 au 60, na kichocheo, yaani kifaa kinachopeleka umeme kwenye msuli, kitajiwasha mgonjwa akiwa ametulia tu.

Pima msuli ukiwa umelegea, halafu weka kiwango cha kuwashia kichocheo juu yake kidogo. Ukikiweka juu mno, mgonjwa ataziba pumzi, atainua bega, na vidole vitajikunja badala ya kunyooka. Namba kwenye skrini itapanda, kumbe inayofanya kazi ni misuli ya kukunja, umeme wake ukivujia elektrodi za jirani! Ndiyo maana napigania jozi ya pili ya elektrodi upande wa chini wa kigasha. Pande zote mbili zikipanda pamoja, usiwashe kichocheo. Mwache alegee kwanza, hata kama ni kwa sekunde 20. Kulegeza nako ni mazoezi, tena magumu.

Jitihada ikivuka kiwango, umeme wa hezi 30 hadi 40 umalizie mwendo papo hapo. Kichocheo kikifuata saa yake chenyewe huku mgonjwa anatazama dirishani, msuli unacheza lakini nia yake haimo.

Kofia ina zamu yake pale msuli unapokuwa kimya kweli. Mtu akikusudia kufungua mkono, mawimbi ya hezi 8 hadi 13 juu ya eneo la mwendo hufifia, na kompyuta hutumia badiliko hilo kuwasha kifaa cha mkononi. Lakini kupepesa macho au kukaza taya hutoa umeme unaoyafunika mawimbi hayo. Mwaka 2021 Marekani iliidhinisha IpsiHand, kofia ya aina hii yenye kifaa chake cha mkononi, inayosoma upande wa ubongo usioumia. Ni hatua ninayoipokea kwa moyo wote; ila msuli ukianza kuitika, mvue mgonjwa kofia siku hiyohiyo, mrudishe kwenye elektrodi za kigasha. Mwenye betri ya moyo asiguswe na kichocheo kabla daktari wake wa moyo hajaruhusu.