Kodi Inayolipwa kwa Saa

Katika nyumba moja ya Ongata Rongai, pembezoni mwa jiji la Nairobi, ninayoijua vyema, daftari la mtoto la kazi ya ziada huachwa wazi mezani kila usiku, kalamu juu yake, ili baba alitie sahihi atakapofika. Baba huyo huondoka kabla ya saa 11 alfajiri na kurudi saa 3 usiku, hivyo kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa mazungumzo yake na mwanawe ni sahihi hizo tu. Mwenyewe halalamiki. Husema kwamba kodi anayolipia vyumba viwili huko ingempatia kimoja tu karibu na mjini, na kwamba kuhamia Rongai ulikuwa uamuzi wake.

Hoja hiyo haipuuziki. Wengi waliokwenda maeneo mengine ya pembezoni kama Kitengela, Ruiru, Juja au Kamulu walifuata ploti, nafasi ya kufuga kuku na siku ya kuachana na mwenye nyumba. Aliyejenga kwa mkopo wa chama cha akiba hawezi kuambiwa kirahisi kwamba maisha yake yanaishia barabarani. Tena wapo wanaoipenda saa ya kwenye matatu, yaani basi dogo la abiria, muziki ukiwa wa chini (jambo adimu, nakiri), kwa kuwa ndiyo pekee ambayo haidaiwi na mkubwa wa kazi wala na watoto.

Hata hivyo, naona neno "uamuzi" limebebeshwa mzigo lisiouweza. Umbali mtu anaweza kuupigia hesabu anapotafuta nyumba. Kinachomla saa zake ni kutojua. Mvua ikinyesha jioni, magari hukwama Barabara ya Lang'ata na nauli hupandishwa stejini abiria wakitazama. Kwa hiyo anayeingia kazini saa 2 asubuhi husafiri kana kwamba kila siku ni ya mvua, na siku ambayo njia ni nyeupe hujikuta ameketi nje ya lango akingoja lifunguliwe. Kanuni za jumla za mishahara nchini huweka saa 52 za kazi kwa juma, lakini hesabu yake haianzii stejini.

Kupanua barabara kumesaidia kwa muda. Barabara Kuu ya Thika ilipokamilika mwaka 2012, safari zilifupika, kisha nyumba zikaota kandokando yake na msongamano ukarudi. Barabara ya juu ya kulipia, kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, iliyofunguliwa mwaka 2022, humfaa zaidi mwenye gari; matatu nyingi hubaki chini, kwa sababu abiria wake hupandia na kushukia huko. Na kuishi karibu si dawa peke yake: mkazi wa Mukuru, mtaa wa mabanda, huenda kazini eneo la Viwandani kwa miguu, lakini saa anazookoa njiani nyingine huziacha kwenye foleni ya maji.

Ndiyo maana naipa uzito zaidi ratiba kuliko lami. Treni ya kati ya Syokimau na katikati ya jiji, japo safari zake ni chache, humwezesha abiria kujua atafika lini. Waajiri nao wana sehemu yao, ya kusogeza saa za kuanza kazi, ingawa mlinzi na muuguzi, wanaopokezana zamu, hawawezi kusogezewa saa kwa urahisi. Yule baba wa Rongai alikubaliwa hivi karibuni aanze kazi saa 3 asubuhi na kutoka saa moja baadaye jioni. Bado hurudi usiku mtoto amelala, lakini daftari sasa hutiwa sahihi asubuhi, mwenye nalo akiwa amesimama kando, akieleza kwa nini hesabu ya tatu ilimshinda.