Dalali wa kwenye simu na milima ya Mwanza

Anayetafuta nyumba ya kupanga Mwanza siku hizi huanzia kwenye simu. Atakuta chumba na sebule Nyegezi, nyumba nzima Buswelu, chumba chenye choo ndani Kiseke, na namba ya dalali chini ya picha. Wanaotaka kuigeuza biashara hii kuwa programu ya simu wameona jambo la kweli. Mji unakwenda Buhongwa, Kisesa na Nyamhongolo haraka kuliko dalali mmoja wa mtaa anavyoweza kuufuata, na tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, anayefanya kazi ng'ambo ya ghuba hapangi tena siku yake kwa saa za kivuko. Wateja wapo. Ninachokikataa ni ile imani kwamba nyumba zikishakuwa nyingi kwenye programu, basi biashara imekua.

Tufanye hesabu. Udalali wa kupangisha kwa desturi ni kodi ya mwezi mmoja, na hulipwa mara moja tu hata mpangaji akikaa miaka mitano. Chukua nyumba ya shilingi 200,000 kwa mwezi. Mpangaji analipa miezi 6, yaani 1,200,000, na hizo zote ni za mwenye nyumba. Kampuni inapata udalali wa 200,000, na nusu yake inakwenda kwa dalali wa mtaa aliyeileta nyumba. Imebaki 100,000. Ukiajiri wakaguzi 4 wa kuzunguka kwa 400,000 kila mmoja, kisha ukaweka 900,000 ya ofisi, bodaboda, bando na seva, unahitaji mikataba 25 kila mwezi ili urudishe gharama tu. Mwezi wa mikataba 40 unakuachia 1,500,000. Mwezi wa mikataba 10 unaila yote.

Na Mwanza miezi hailingani. Malimbe inajaa wanafunzi wa SAUT wanapofungua chuo, kisha kunatulia. Kirumba hela hufuata dagaa, na dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza; mbalamwezi ikiwaka mitumbwi inapumzika, na mtu wa soko la samaki la Mwaloni hawezi kukusanya kodi ya miezi 6 wiki hiyo. Kampuni inayoajiri kwa kipimo cha mwezi wa neema itashindwa kulipa mishahara mwezi unaofuata. Ndiyo maana naona wakaguzi walipwe kiasi kidogo cha kudumu, na sehemu kubwa kwa kila nyumba waliyoikagua ikapata mpangaji.

Tatizo kubwa zaidi ni nyumba hewa. Nyumba imeshachukuliwa, picha bado ipo. Hiyo si bahati mbaya. Dalali haitoi kwa sababu simu ya mteja bado ni mali kwake: atakwambia ile imeondoka asubuhi, njoo nikuonyeshe nyingine. Na akiwa anatoza hela ya kuonyesha nyumba, anakula kwenye matembezi, mkataba ufungwe usifungwe. Programu ikiipokea desturi hiyo kama ilivyo, itakuwa imeieneza mji mzima. Hela ya kuonyesha ifutwe, au irudishwe mteja akikuta nyumba siyo iliyotangazwa. Kila tangazo lijifute baada ya siku 7 kama mwenye nyumba hajathibitisha kwa ujumbe kwamba bado iko wazi. Orodha itapungua sana, na wawekezaji hawatafurahi, lakini nyumba 150 za kweli zinafunga mikataba mingi kuliko 2,000 za zamani.

Halafu kuna ramani. Pini inasema nyumba ya Mabatini au Igogo iko mita 200 kutoka lami. Haisemi kwamba mita hizo ni ngazi za mawe, kwamba gari la mizigo linaishia chini, na kwamba kitanda cha sita kwa sita na friji vitapanda kwa mabega ya vijana watakaotaja bei wakishauona mlima. Haisemi pia kama presha ya maji inafika huko juu. Mkaguzi apige video moja isiyokatwa kutoka barabarani hadi mlangoni, afungue bomba mbele ya kamera, aandike tenki ni la lita ngapi, na apige picha mita ya umeme ya LUKU huku akiuliza kama ni ya nyumba hiyo peke yake au wapangaji wanachangia. Umeme wa kuchangia nao huvunja mikataba.

Kwenye kuuza ndiko kampuni hizi zinapotamani kwenda, kwa sababu asilimia ya bei ya nyumba ni nono kuliko kodi ya mwezi. Huko hatari inabadilika kabisa. Marekani riba za mikopo ya nyumba zilipanda kutoka karibu asilimia 3 mwaka 2021 hadi karibu 8 Oktoba 2023, na mauzo yakadorora. Huku watu wengi hujenga kidogo kidogo kwa fedha taslimu, hivyo kinachozunguka sokoni ni viwanja na mapagale, na kinachoua biashara ni karatasi. Upekuzi wa hati ofisi ya ardhi ufanyike kabla ya kumpeleka mteja. Sheria ya Ndoa ya 1971 inamzuia mume au mke kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake, kwa hiyo saini moja haitoshi. Kando ya ziwa, Luchelele au Capri Point, pimeni mita 60 zinazolindwa na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, na muwaulize majirani maji yalifika wapi Mei 2020, ziwa lilipoipita rekodi ya 1964. Picha ya machweo haionyeshi hilo.

Wala kampuni isishawishike kununua nyumba yenyewe ili iuze. Zillow, kampuni ya Marekani ya kutangaza nyumba mtandaoni, ilifanya hivyo kwa makadirio ya kompyuta, na Novemba 2021 ikakifunga kitengo hicho na kutangaza kupunguza karibu robo ya wafanyakazi. Hiyo ni nchi yenye kumbukumbu nyingi za mauzo. Hapa bei halisi mara nyingi inabaki kwa muuzaji, mnunuzi na shahidi wa mtaa. Wala isitoze kabla ya kazi kukamilika: Purplebricks, kampuni ya udalali wa nyumba ya mtandaoni ya Uingereza, ilitoza ada moja, nyumba iuzwe isiuzwe. Mwaka 2023 ilinunuliwa kwa pauni 1.

Kuhusu kampuni kurukwa, yaani mpangaji na mwenye nyumba kumalizana bila yenyewe, kuficha namba ya simu hakusaidii. Mpangaji na mwenye nyumba watapeana namba mlangoni, na dalali aliyepunjwa ndiye atakayewakutanisha. Mlipeni sehemu yake siku ileile mkataba unaposainiwa, kwa simu, akiwa bado amesimama pale uani. Kisha mpeni mwenye nyumba kitu ambacho hawezi kukipata peke yake: mkataba ulioandikwa, picha za kila chumba siku ya kukabidhi funguo, na taarifa katika mwezi wa tano wa mkataba kama mpangaji anaendelea au anahama.